Kona ya Vitenge

Mimi nilisema tangu mwanzo kwamba kompyuta bila kompyuta ni usanii. Binti yangu Vicky, kidato cha tatu, alirudi siku moja akaniambia, Mama, Jumamosi siji dukani kwa sababu shuleni kuna warsha ya kufikiri kikompyuta. Nikamuuliza hizo kompyuta ziko ngapi. Akasema hakuna hata moja, wanatumia maharage, kamba na kadi za maboksi. Nikamwambia maharage hata hapa nyumbani yapo, tena dada wetu wa kazi, Josepha, anatafuta mtu wa kumsaidia kuyachambua.

Akacheka, akaenda. Na Jumamosi iliyofuata akaenda tena. Mwishowe nikafunga safari mwenyewe kwenda kuona wanamfundisha nini mtoto wangu, maana Kariakoo tumezoea kuuziwa vitu ambavyo ndani ya boksi havimo. Nikamkuta mwalimu wao, Stella, msichana mdogo tu mwenye sauti kubwa, amesimama mbele ya jiko la mkaa uani. Wanafunzi walitakiwa wamwelekeze kupika ugali, hatua kwa hatua, na yeye afanye walichosema na si kingine. Mmoja akasema weka unga kwenye maji. Mwalimu akautumbukiza mfuko mzima, na karatasi yake. Watoto wakacheka mpaka wakakaa chini.

Halafu akawaeleza. Kufikiri hivi ni kulivunja tatizo kubwa vipande vidogo, kutafuta kinachojirudia, kutupa yasiyo na kazi, na kuandika hatua ambazo hata mtu asiyejua kitu anaweza kuzifuata bila kukosea. Nilirudi dukani. Sikumwambia Vicky, lakini nilipenda.

Sasa nimwelezee baba yangu, kwa sababu habari yote hii ni yake. Mzee Jovin alishuka kutoka kwetu Kibosho, mlimani, akiwa kijana, akafungua duka la kufuli na bawaba Kariakoo kabla mimi sijazaliwa, na mpaka leo ndilo duka linalotulisha. Mtaa mzima wanamwita Mzee Kufuli. Miaka miwili iliyopita akaanza kusahau. Mwanzo ilikuwa majina ya watu, tukamtania. Baadaye akawa anamuulizia mama yangu, ambaye tumemzika siku nyingi, na kila tukimwambia amefariki analia kama ndiyo kwanza anasikia. Tukaacha kumwambia. Daktari alisema ni ugonjwa wa kusahau wa uzee, dawa zinapunguza kasi tu.

Lakini umkalishe dukani uone. Kwenye kiti chake pale mlangoni alikuwa mtu kamili. Anasalimiwa, anaitikia, anabishana mpira na Hamis, jirani yetu muuza ndoo, Mngindo mmoja mwenye maneno kuliko redio. Pale dukani hamuulizii mama. Nyumbani ndiko alikopotewa na akili, tena kwetu ni hapo hapo Kariakoo, ghorofani Mtaa wa Sikukuu, mwendo wa kona chache tu mpaka dukani.

Na kona hizo ndizo zilizotutesa. Kushikwa mkono hataki. Aliniambia yeye Kariakoo haongozwi kama mwizi anapelekwa kituoni. Ukimchelewesha asubuhi anakutoroka, ukimfuata karibu anasimama anakukodolea macho mpaka urudi. Mara mbili tukamkuta amezunguka kule kwenye maduka ya mabomba, hajui arudi wala aende.

Kaka yangu Wilbert yuko Kibosho, ndiye aliyebaki kwenye kihamba, shamba letu la ukoo. Alikuwa ananipigia simu kila Jumapili baada ya misa, na kila Jumapili neno ni lile lile, Baba apande nyumbani. Mimi nakataa. Najua Baba akiondolewa kwenye kile kiti hatabaki mtu. Wilbert naye si mtu mbaya, ni muoga tu, na woga wake ulikuwa na haki. Tukagombana mpaka tukachoka, tukafikia makubaliano. Baba atakaa Dar kadiri anavyoweza kwenda dukani na kurudi. Siku akipotea kweli kweli, Wilbert atashuka kumchukua, na mimi sitafungua mdomo. Nilimpa neno langu.

Vicky alikuwa anasikiliza mazungumzo yale kutoka jikoni. Baada ya siku chache akaja na kadi za boksi zimetobolewa, zimetiwa kamba. Mwalimu Stella alikuwa ameleta habari ya mashindano ya shule za jiji, kila timu ichague tatizo moja la mtaani kwao, ilivunje, ilitatue kwa hatua, iwaeleze majaji. Timu ya Vicky walikuwa watatu, na tatizo walilochagua ni babu yake.

Jamani, ule ulikuwa ubunifu. Kariakoo nani anasoma vibao vya mitaa? Mtu unamwelekeza kwa kinachouzwa. Nenda mpaka kwenye vitenge, kata kulia, ukikuta ndoo umefika. Basi Vicky akachora. Kadi ya kwanza vitenge vinaning'inia, na mshale. Ya pili masufuria. Ya tatu mazulia. Ya mwisho ndoo za Hamis, na kando yake kufuli. Babu anavaa kadi shingoni, akikiona kitu kilichochorwa anakata kona, anafunua kadi inayofuata. Kurudi anaanza na kadi ya mwisho. Na nyuma ya kila kadi, kwa herufi kubwa, sheria moja: USIPOKIONA, SIMAMA HAPO HAPO. USIONDOKE MPAKA AJE MTU UNAYEMJUA.

Nilidhani Mzee atazitupa. Wapi. Alizivaa kama rozari. Alisema huyu mtoto ndiye peke yake katika nyumba hii anayemwambia mtu la kufanya bila kumshika mkono. Wiki za kwanza Vicky alimfuata kwa mbali kabla ya shule, na mimi jioni, najificha nyuma ya mikokoteni kama mpelelezi. Hakukosea. Siku moja lori lilisimama mbele ya masufuria likayaziba, akasimama. Akasimama kweli, mikono nyuma, mpaka Hamis akapita akamchukua. Vicky alivyosikia aliruka ruka sebuleni, anasema sheria imefanya kazi.

Miezi ile ilikuwa mizuri, sitaki niseme uongo. Baba alinawiri. Wilbert mwenyewe akapunguza simu. Timu ya Vicky ikapita mchujo wa kwanza na wa pili, na mwalimu Stella akaja dukani kumshukuru Mzee. Mzee akamwambia karibu sana mama, kufuli la shilingi ngapi.

Fainali iliangukia Jumatatu moja ya masika, kwenye ukumbi wa chuo fulani kule Posta. Na Jumatatu hiyo hiyo sisi wafanyabiashara tuligoma. Tulikuwa na yetu ya kulalamikia, si habari ya leo. Ujumbe ulizunguka kwenye simu Jumapili jioni, hakuna kufungua, na kweli asubuhi hakuna aliyefungua. Mimi nikaona Mungu amenipa nafasi, badala ya kukaa dukani nitakwenda kumwona mwanangu. Nikamweleza Baba kwamba leo hakuna kazi, kuna mgomo, apumzike. Akasema sawa. Nikamwambia Josepha asimwache. Vicky akambusu babu yake kichwani, akamwambia Babu leo unakuwa maarufu, tukaondoka na mvua ya rasharasha.

Ukumbi ulijaa. Timu zilizotangulia zilikuwa na mambo ya taka, foleni, na mafuriko ya Jangwani. Ikafika zamu ya akina Vicky, naye ndiye aliyesema. Alieleza bila karatasi. Alisema tatizo lilikuwa kubwa, kumfanya babu yake asipotee, wakalivunja likawa kona moja moja. Wakatafuta kinachojirudia, wakaona watu wote Kariakoo wanaongozwa na bidhaa. Wakatupa yasiyo na kazi, majina ya mitaa, namba za nyumba, majina ya wenye maduka. Alizionyesha kadi, nakala walizotengeneza kwa ajili ya majaji. Watu wakapiga makofi kabla hajamaliza. Mimi nilikuwa nalia tayari, na ushungi wenyewe sikuvaa wa kufutia.

Jaji mmoja, mama wa makamo mwenye miwani, akasema amependa sana. Halafu akauliza swali, tena kwa upole.

"Leo nimepita Kariakoo kuja hapa. Maduka yote yamefungwa, hakuna kilichotundikwa nje. Babu yako leo angefanya nini?"

Vicky alifungua mdomo ajibu haraka kama alivyojibu mengine, ukabaki wazi. Wenzake wakamtazama. Akasema taratibu, "Angesimama. Kwenye kona ya vitenge. Angesubiri."

"Mpaka lini?"

"Mpaka aje mtu anayemjua."

"Na wanaomjua leo hawapo?"

 Vicky alikuwa ameshaanza kunitafuta mimi ukumbini kwa macho. Na mimi nilikuwa nimeshatoa simu kwenye pochi, nilikuwa nimeizima sauti kwa adabu ya ukumbi. Josepha alikuwa amepiga, amepiga, amepiga. Ujumbe wake ulisema alipanda juu kuanua nguo kwa ajili ya mvua, aliposhuka mlango uko wazi, Mzee hayupo, na kadi hazipo kwenye msumari zinapotundikwa.

 Sikumbuki nilivyosimama. Nakumbuka Vicky ameruka kutoka jukwaani, amewaacha wenzake na majaji, ananipita mbio. Nje mvua ilikuwa inamwagika. Tukapata bajaji, dereva anatuambia Kariakoo leo hakuna biashara mama, nikamwambia endesha.

Sijawahi kuiona Kariakoo vile. Mageti ya bati yameshushwa mtaa mzima, ya bluu na ya kijivu, yamefanana. Hakuna kitenge, hakuna sufuria, hakuna zulia. Mimi niliyezaliwa pale, nakuapia, kwa dakika nzima sikujua niko wapi. Na Hamis siku hiyo alikuwa kwake Mbagala, kama watu wote wenye akili.

Baba alikuwa kona ya kwanza. Amesimama mbele ya duka la vitenge lililofungwa, katikati ya maji, mikono nyuma, amevaa koti lake la dukani. Kijana mmoja, sijui nani, Mungu ambariki, alikuwa amemfunika kichwa kwa mfuko wa nailoni. Akina mama waliojibanza barazani ng'ambo walituambia wamemvuta aje barazani asinyeshewe, amekataa. Walimuuliza anamsubiri nani, akawaonyesha nyuma ya kadi. Wino ulikuwa umeshayeyuka, kadi tupu, lakini yeye hakuhitaji kuisoma tena.

Vicky akamshika. Midomo ya Babu ilikuwa imebadilika rangi, meno yanagongana. Akamwangalia mjukuu wake na furaha imemjaa usoni, furaha ya mtoto aliyefaulu.

"Unaona? Sikuondoka," akasema.

Vicky alipiga yowe ambalo silisahau.

Alilazwa. Nimonia, kifua chote. Siku za kwanza hatukujua atavuka au hatavuka. Mwalimu Stella alikuja wodini na cheti cha nafasi ya tatu, maana wenzake Vicky walibaki wakamalizia kujibu. Nilimfokea. Nilimwambia maneno ambayo mwalimu hastahili, nikamwambia apeleke cheti chake akawaonyeshe maharage.  Alikaa kwenye benchi la korido, akawa analia kimya kimya, anasema yeye ndiye aliyewafundisha watupe yasiyo na kazi, na hakuna aliyewaza kwamba Kariakoo inaweza kufungwa. Nikakaa pembeni yake. Ni kweli, hakuna aliyewaza. Jumapili sisi tunatoka nyumbani kwa gari kwenda misa, Mzee hatembei. Siku nyingine zote kitenge kiko pale. Nani angewaza?

Baba akavuka. Alipotoka hospitali alikuwa mwepesi kama mfuko mtupu, na Wilbert alikuwa ameshafika. Tulikaa sebuleni watatu, mimi, Wilbert na Vicky, Baba amelala chumbani. Wilbert hakuwa na hasira, na hilo liliniuma zaidi. Alisema tu, dada, tulikubaliana.

 Neno langu nilikuwa nimelitoa. Vicky ndiye aliyesema.

"Mjomba, Babu hakupotea. Alikuwa pale pale alipotakiwa kuwa. Hakukosea hata hatua moja."

Wilbert akamsogelea. Anampenda Vicky, hana binti.

"Najua, mama," akamwambia. "Alikutii wewe. Angekufa amekutii wewe. Unataka nimwache hapa?"

Vicky aliinuka akaenda chooni, tukasikia maji yanafunguliwa. Hayakufungwa mpaka Josepha alipoenda kugonga mlango. Nilitaka kumpiga kaka yangu. Nilitaka pia kumshukuru. Ndani ya moyo wangu nilikuwa najua sitaweza tena kumwona Baba anatoka mlangoni asubuhi. Kila hatua ningekuwa namwona na ule mfuko wa nailoni kichwani.

Kadi Vicky alizikata vipande vidogo vidogo kwa mkasi. Warsha aliacha. Mwalimu Stella alipiga simu mara nyingi, Vicky akasema mwambieni sipo, yuko hapo hapo kitandani amelala anatazama ukuta. Mimi niliyekuwa nayadharau yale maharage sasa nikawa namwomba aende Jumamosi, angalau akacheke na wenzake. Akaniuliza, nikafundishwe nini kingine, Mama? 

Asubuhi ya safari Wilbert alipakia gari kama Mchaga yeyote anayepanda nyumbani kutoka Dar. Sukari, mafuta ya kula, chupa za chai, kanga za shangazi, magodoro mawili juu. Hiyo ndiyo desturi yetu, mtu haendi nyumbani mikono mitupu, na Desemba nzima utayaona magari yetu yanapanda hivyo hivyo, halafu Januari yanashuka na ndizi, watu wanarudi kwenye biashara zao. Baba alitoka mlangoni ameshikwa mkono na Josepha, mara hii hakukataa kushikwa. Akaliona gari limeinama kwa mizigo. Uso wake ukachanua.

"Kumbe Krismasi imefika," akasema. "Mwaka huu imewahi."

Ilikuwa mwezi wa tano. Wilbert akanitazama, mimi nikatazama magodoro. Hakuna aliyemsahihisha. Akaingia mbele mwenyewe, akafunga mkanda, akaanza kutoa maagizo kama kila mwaka. Tusifunge duka mapema kwa sababu watu wa mikoani wananunua usiku wa mwisho. Hamis asalimiwe. Kiti chake kisikaliwe na wateja, kinalegea miguu. Alikuwa anaongea vizuri, hakuna neno lililopotea, hata Wilbert nilimwona ameshika usukani anasita.

Halafu Baba akashusha kioo, akamwita Vicky. Mimi hakuniuliza, Wilbert hakumuuliza. Alimuuliza yule anayemwamini.

"Januari tunarudi, siyo?"

Vicky alikuwa amesimama na sare ya shule. Aliniangalia mimi. Mimi ndiye mama, mimi ndiye niliyepaswa kulibeba lile, na nilishindwa, nililia nimejifunika uso na mtandio barabarani mbele za watu. Akainama dirishani.

"Ndiyo, Babu," akasema. "Januari."

Baba akaridhika. Akampiga piga shavuni, akapandisha kioo, na Wilbert akaondoa gari taratibu katikati ya mikokoteni mpaka likakata kona kwenda Msimbazi.

Shule hakwenda siku ile. Tulikwenda dukani wawili. Nikainua geti, yeye akatoa bidhaa nje, akafuta vumbi kwenye kiti. Hamis alikuja akasimama, akaona sura zetu, akarudi kwenye ndoo zake bila kusema neno, na Hamis kunyamaza si jambo dogo. Mteja wa kwanza alikuwa fundi mmoja wa zamani wa Mchikichini. Akachungulia huku na huku, akauliza Mzee Kufuli yuko wapi leo, amechelewa?

Nilifungua mdomo niseme amesafiri. Vicky alinitangulia.

"Amekwenda nyumbani," akamwambia. "Harudi."

Halafu akamuuliza anataka bawaba za saizi gani, akapanda ngazi kumtolea.